Povu Halikuwa Sumu

Koboko, mpakani na Sudan Kusini

Mama yangu, shikamoo. Miguu inaendeleaje? Dada Asha alinipigia akasema sasa unafika mpaka sokoni kwa miguu yako, nikashukuru sana. Mimi mwili ni mzima. Hili ninalokuandikia nilijaribu kulisema kwenye simu, nikaishia salamu tu.

Kazi yangu unaijua: tunasafisha maji ya mto kwa unga wa mbegu za mlonge. Protini ya mbegu hukamata tope, likazama, halafu tunatia klorini. Safari hii maji yalitoa povu jeupe hadi mdomo wa pipa. Jirani yangu Keji, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, akarudi nyuma na jerikeni yake.

"Tatu, hii maji iko na sabuni. Mutu atakunywa namna gani?"

Nikamwambia ni protini tu, inashika hewa kama ute wa yai ukiupiga. Hakuridhika. Basi nikajaza chupa, nikaenda maabara, Arua.

Majibu yalichukua siku tatu, wakanieleza vizuri. Tulitia unga mwingi mno, tukauloweka kwenye chumvi nyingi, ikatoa protini kupita kiasi, kisha tukakoroga kwa kasi. Tupunguze, tukoroge polepole. Sumu hakuna. Mama, nilirudi nina furaha, nimemnunulia biskuti Poni, binti wa Keji, ambaye kila asubuhi alikuja kunisalimia kabla hata sijanawa uso.

Nikakuta watu wamekaa matanga uani kwa Keji. Nilipoondoka majirani walimwaga pipa lote kwa kuogopa povu, wakarudi kuteka mtoni. Poni akaharisha, akatapika. Walipomfikisha hospitali, alikuwa ameishiwa maji mwilini, akafariki.

Keji akaniuliza mbele ya wote, "Ile povu, ilikuwa sumu?"

Ningeweza kusema sijui.

"Hapana, Keji. Halikuwa sumu."

Hakulia. Aliinuka, akaanua nguo za mtoto kambani, akazikunja moja moja.

Jana alikuja kwenye pipa. Nilikoroga taratibu, povu halikupanda. Akajaza jerikeni, akajitwika, akaondoka bila kunitazama.

Nisalimie Dada Asha, na Mjomba Saidi fundi cherehani. Mwanangu Mwajuma nakuachia wewe, Mama. Akigoma kulala usimkaripie. Nipigie, umpe simu, nisikie tu anavyobisha.

Ni mimi binti yako,
Tatu