Fomu Niliyoanza na Jina Lako

Mama,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka.

Tangu tukuzike, mjukuu wako Zawadi hana wa kukaa naye nikienda kazini hospitali. Kwa muda nilimwacha kwa Mama Furaha, yule Mkongomani wa ghorofa ya chini, lakini naye amepata kazi kwenye maghala. Nimeomba kubadilishiwa zamu hadi msimamizi akiniona anapita njia nyingine. Kuna chekechea katika mji wetu huu wa ugenini, Grand Prairie, inayomshikia Zawadi nafasi mpaka Ijumaa. Bila serikali kunisaidia kulipa, siiwezi. Kwa hiyo nikajaza fomu ya msaada.

Waliuliza nani anaishi nyumbani. Nikaandika jina lako, langu, kisha la Zawadi.

Mkono ulienda wenyewe, Mama. Kwetu mkubwa hutajwa kwanza, wewe ndiye uliyenifundisha. Najua ungesema, "Wewe Wambui, haraka za nini?" kama siku ile nilipotia chumvi badala ya sukari kwenye chai ya mchungaji na yako, nawe ukainywa yako yote ili asiteseke peke yake. Nilicheka nikikumbuka hilo, halafu nikalia kwenye gari hadi nikachelewa kazini.

Basi kwa kuwa jina lako ni la kwanza, ofisi imeona wewe ndiye mkuu wa kaya. Wanataka barua ya mwajiri wako. Wewe, uliyelea mjukuu miaka mitatu bila hata siku moja ya mapumziko!

Nikapiga simu nieleze. Mama wa ofisini alikuwa mpole. Nikamwambia, "My mum is not around." Akauliza utarudi lini.

Nikakata simu.

Sijawahi kulitamka, Mama. Kanisani walitangaza wengine. Zawadi akiulizwa bibi yake yuko wapi husema, "Shosho is in Kenya," nami simsahihishi, maana si uongo, ndiko tulikokuzika. Anakutunzia biskuti, zimejaa kwenye droo yako. Nimeshindwa kuzitupa na nimeshindwa kumwambia.

Kesho saa mbili asubuhi, ofisi ikifungua tu, nitapiga tena. Nitasema mama yangu amekufa, na fomu nitaijaza upya, watu wawili. Jioni nitamketisha Zawadi nimwambie yeye pia, kwa Kiswahili, polepole, hata akinijibu kwa Kiingereza.

Nakuahidi sitakata simu. Pumzika sasa, Mama. Hutarudi.

Wambui wako