Swali la Mzee Ouma

Kisumu, Jumapili

Dada Wambui mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Huku joto ni kali mpaka mvua inyeshe jioni.

Wiki iliyopita nilimwendea wodini Mzee Ouma, mvuvi wa Port Victoria aliyepasuliwa kwa saratani ya utumbo mpana. Niliomba ruhusa tuchunguze kipande cha uvimbe aliotolewa, maana utafiti wetu unauliza kama ugonjwa huu hurithiwa. Mkewe alikuwa amemletea samaki wa mchuzi, lakini mzee hakuweza kula. Ugonjwa umeshafika kwenye ini.

"Chukueni," akasema. "Baba alikufa hivi, na ndugu yangu pia. Watu walisema ni laana. Nina watoto saba, nataka wajue ukweli." Kisha akanitazama. "Na wewe, Mama, kwenu kuna mtu alikufa na hii kitu?"

Nikamwambia, baba yetu.

"Umepimwa?"

Miaka yote hii nawauliza wagonjwa, mimi mwenyewe sijawahi kujiuliza. Kesho yake nilimwomba daktari wetu anipime utumbo kwa kamera. Alikuta kinyama kidogo utumboni, akakitoa. Anasema kingeachwa, kingeweza kugeuka saratani. Nilipomwambia mzee, alinishika mkono.

Dada, wewe umenizidi miaka sita. Usiningoje nirudi. Nenda ukapimwe wiki hii, na usione haya.

Nakupenda sana. Mungu akulinde.

Mdogo wako,
Njeri