Shangazi, Nataka Vitolewe

Chumba cha cherehani,
Nyuma ya nyumba yetu.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linasemaje siku hizi? Mara ya mwisho uliniambia unapanda ngazi umeshikilia ukuta kama mwizi, nikacheka, halafu nikajuta kucheka. Na dawa unakunywa, au unazificha chini ya mto kama zile za mwaka juzi? Nakuomba unywe. Hatuna shangazi wa akiba.

Huku watoto ni wazima. Kasuku ameng'oka meno ya mbele lakini maneno hayajapungua hata moja, yanatoka tu na upepo. Pacha wake, yule tunayemwita Mzee, bado anatutazama sote kama anatufanyia usaili. Kazi nayo ipo. Ni msimu wa harusi, na hapa ninapoandika magauni meupe yamening'inia ukutani, nimeyafunika shuka yasishike vumbi.

Mimi ndiye si mzima sana, Shangazi. Ningekupigia, lakini simu ya nyumba yetu ina masikio mengi, na jambo lenyewe halisemeki huku mtoto akining'inia shingoni. Ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Unakumbuka nilivyokuwa. Shuleni waliniita Ubao. Wewe ndiye uliyeninunulia sidiria ya kwanza, ukasema itanisubiri nikue. Ilisubiri mpaka ikachoka. Nilifika umri wa kuolewa bado inanipwaya. Kisha nikaanza kupata kazi nzuri za kushona, nikaenda mwenyewe kwa daktari wa upasuaji, nikawekewa vifuko vya silikoni. Ulipopata habari hukuniuliza kwa nini. Uliniuliza tu kama nimepona.

Nataka ujue kwamba sikujuta. Watu wanapenda kusikia kwamba mtu amejuta. Mimi nilitembea barabarani kama mtu aliyepandishwa cheo. Niliacha kukunja mabega. Mwaka uliofuata nikakutana na Baba Pacha, naye sikumficha. Nilimwambia mapema kabisa, akasema mwili ni wangu, yaishe hapo.

Taabu ilianza mwaka jana. Nikiinua mikono kumvika bibi harusi shela, upande wa kushoto unavuta, kama uzi uliokazwa mno mpaka kitambaa kinajikunja. Polepole titi lile likawa gumu, likapanda juu, la kulia likabaki chini. Nikawa nashona nguo zangu zenye marinda kifuani ili lisionekane. Siku moja bibi harusi akaniona kwenye kioo nimekunja uso, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nimejichoma sindano.

Kilichonipeleka hospitali si maumivu yale. Ni Kasuku. Alinirukia asubuhi kama kawaida yake, kichwa kikanigonga pale pale, nikapiga kelele mpaka jirani akatoka nje. Tangu siku hiyo mtoto ananikumbatia kwa ubavu, mkono mmoja, kama anamsalimia mgeni. Mzee akanifuata jikoni.

"Mama, nani alikuumiza?"

"Hakuna mtu."

"Sasa mbona Kasuku anaogopa kukugusa?"

Kesho yake nikaenda.

Daktari niliyempata ni mama wa makamo, mpole, anaongea huku anachora kwenye karatasi. Nikapigwa picha, nikalazwa ndani ya mashine ile inayogonga kama mtu anatengeneza bati. Majibu yalipotoka akanieleza kwamba kovu lililozunguka kifuko cha kushoto limejikaza na kukibana, ndiyo ugumu ule. Cha kulia, ambacho mimi nilidhani ndicho kizima, kimepasuka na kinavuja ndani kwa ndani. Vyote inabidi vitoke. Baada ya hapo nichague: niwekewe vipya, au nibaki bila. Vipya vinaweza kukaa vizuri, na vinaweza kukaza tena, nikarudi kitandani tena. Nikibaki bila, ngozi italegea, na sitarudi kuwa Ubao wala sitabaki hivi nilivyo. Nilimwomba anichagulie. Akasema anaweza kuniambia atakachokifanya, lakini mwenye kuishi na kifua hicho ni mimi.

Nimechagua kubaki bila, Shangazi. Nimechoka kukatwa. Niliposema hivyo mle ndani nilijisikia mwepesi kwa muda wa kutoka kwake mpaka getini.

Nikamwambia Baba Pacha siku aliyorudi na lori. Ulishamsifu mwenyewe kwamba ni mwanamume asiyepaza sauti, na ni kweli. Alikuwa amekaa mezani anawamenyea watoto machungwa. Nilisubiri watoke nje, nikamweleza yote, kovu, kupasuka, kila kitu. Akaendelea kumenya.

"Si uweke vipya tu?"

Nikamwambia sitaki kufungua mlango wa kupasuliwa kila mara. Akamenya mpaka chungwa likaisha. Halafu akasema, kwa upole ule ule anaotumia kuwaamsha watoto, "Mimi nilikukuta hivi. Huyo wa zamani simjui."

Angegomba ningegomba. Ningempa yake, akanipa yangu, tukamaliza. Lakini alisema kama mtu anayesema ukweli unaomtisha mwenyewe. Nimemzalia mtu huyu, nimemuuguza homa, najua kila kovu la mikono yake limetokana na kamba ya mzigo gani. Nikajiuliza, miaka yote hii alikuwa anaishi na nani, mimi au vifuko?

Toka hapo akahamia sebuleni kulala. Alidai ni mgongo. Kochi letu unalijua, lina springi inayomtafuta mtu mbavuni popote alalapo. Hakuna mgongo duniani uliowahi kupona pale.

Upasuaji ni Jumatano hii. Hospitali wanataka mtu wa kunisindikiza na kunirudisha nyumbani. Nilimwomba yeye, akasema wiki hiyo amepangiwa safari ndefu, kazi ni kazi. Nikakubali. Alhamisi akaondoka, akawabusu watoto, mimi akanishika bega.

Ijumaa akaja mke wa dereva mwenzake kuchukua gauni la binti yake la mahafali. Mama mchangamfu, anapenda kushukuru. Akaniambia nimfikishie mume wangu asante nyingi sana, kwa kujitolea kuchukua safari ya mumewe. Bila yeye, baba angekosa kumwona binti akimaliza shule.

Hakujua alichoniambia. Nilikunja gauni, nikaliweka kwenye mfuko, nikamsindikiza mpaka nje, nikamtakia binti heri. Nikarudi humu, nikakaa sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa. Nililia, Shangazi, kilio cha bila sauti. Mzee aliingia, akaniona, akaja akakaa karibu yangu bila kuuliza lolote. Akawa anaokota pini moja moja.

Nitakuambia na hili, maana wewe sikufichi. Nilipoacha kulia nilichukua simu nimpigie daktari nimwambie aweke vipya. Nilishalitafuta jina lake. Nilikuwa tayari kupasuliwa ili mtu arudi kulala chumbani. Nikaishika simu mpaka kioo kikazimika, nikaiweka chini.

Jana mama mkwe akaja, nilimwomba aje kuwaangalia watoto Jumatano. Unajua ninavyomwogopa, mbele yake huwa najikuta nafuta meza iliyokwishafutwa. Nilimwambia tu kwamba ninafanyiwa upasuaji wa kifua. Akanitazama, na mimi nikaona bora niseme kila kitu.

"Unavitoa kwa sababu vinakuuma?"

"Ndiyo, mama."

"Na yeye amekwenda wapi?"

Nikainama. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo kwa muda mrefu.

"Watoto watakaa kwa jirani. Mimi nitakwenda na wewe," akasema. "Mwanangu ni mwoga. Nilipokuwa nakwenda kujifungua wadogo zake alikuwa anajificha chini ya kitanda, hatoki mpaka nirudi. Nilidhani ameshaacha."

Basi ndiye atakayenisindikiza. Ameshaniuliza kama hospitali wana viti vyenye mgongo.

Asubuhi ya leo watoto walipokwenda kucheza nilivaa lile gauni la kijani lenye shingo pana, nikajitazama kwenye kioo kirefu cha wateja. Nikalia kama ninamsindikiza mtu anayehama. Nitashukuru usiniambie kwamba ni mwili tu. Niliutaka mwili huu, niliuchagua mwenyewe, ulinipa furaha, na sasa nauaga bila kujua anayekuja anafananaje. Hilo peke yake lingetosha kuniliza. Sikutegemea kwamba nitamlilia na mume kwa wakati mmoja.

Kabla sijakaa kukuandikia alipiga simu kutoka njiani.

"Mmekula?"

"Tumekula."

"Watoto?"

"Wazima."

Hakukata. Nikasubiri. Nilisema moyoni, lolote atakalosema nitalipokea, hata akisema anaogopa; nitamwambia na mimi naogopa. Nikasubiri sana.

"Mtandao mbaya huku," akasema.

Ulikuwa safi, Shangazi. Nilisikia anavyopumua. Nilisikia mpaka kijiko kinagonga kikombe pale alipokaa.

Nikamwambia ndiyo, ni mbaya sana, ili asidanganye peke yake. Kisha akakata.

Akirudi nitakuwa nimeshatoka hospitali. Sijui ataingia chumbani au atakwenda kochini, na sijui mimi nitataka nini. Usimpigie kumgombeza, nakuomba. Barua hii naituma kesho alfajiri kwa basi ili ikuwahi; mimi ndiye unipigie, Jumatano jioni. Mama mkwe atanishikia simu sikioni.

Nisalimie binamu mkubwa na mkewe, na mwambie mdogo wake kwamba bado namsubiri aje anioneshe huyo mchumba anayemsifia. Mjukuu wako mpya mbusu miguu yote miwili kwa niaba yangu. Kasuku na Mzee wanakusalimia, mmoja kwa maneno mengi yasiyoandikika, mwingine amesema tu, "Mwambie tupo."

Mungu akupe siku njema na usingizi mtamu, na wote walio karibu nawe wakutunze kama ulivyotutunza sisi.

Wako akupendaye, vyovyote nitakavyokuwa,

Mtoto wa kaka yako.