Klachi ya Gari Jeupe

Baba,

Shikamoo. Nimeandika hivyo kisha nikakaa kusubiri, kana kwamba karatasi itaitikia marahaba. Mazoea yana taabu.

Mama amemaliza eda wiki iliyopita. Miezi minne na siku kumi amekaa ndani ya nyumba uliyoiezeka kwa mikono yako, na siku ya kwanza alipotoka barabarani alisimama akakunja uso kama mgeni. Kwetu Mgori upepo wa kiangazi umeanza, ule unaomwaga vumbi hadi ndani ya sufuria. Alizeti tumevuna. Asali ya mwaka huu ni kidogo ila ni nzito, na wateja wangu wa mjini bado wananiuliza, "Mzee hajambo?" Wengine hawajapata habari. Ninawaambia, nao wananunua ndoo moja zaidi ya waliyokusudia. Sijui wanadhani inasaidia nini.

Nimenunua gari, Baba. Hilo ndilo nililokaa kukuandikia, haya mengine nilikuwa ninazunguka tu. Nimenunua lile jeupe la Mzee Jivan, mwenye duka la vipuri pale Singida mjini. Lile ulilolikataa kwa sababu ya klachi.

Usinune. Nisikilize kwanza.

Unajua kwa nini ilinibidi. Asubuhi ile ulipoanguka kati ya jiko na mlango, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na hakuna bodaboda aliyekubali kuja. Tulikulaza kwenye tela la trekta, juu ya magunia matupu ya alizeti. Mama alikushika kichwa, mimi nikakushika miguu. Trekta likakwama korongoni. Nikashuka tukasukuma, mimi na wanaume watano, na tulipolinasua nikarudi kukutazama, ulikuwa umeshakwenda. Mama hakulia. Alikuwa anakukinga mvua kwa kanga yake, na aliendelea kukukinga. Nikajiapia palepale, tope likiwa magotini, kwamba yeye hatabebwa hivyo. Kuhama Mgori hataki, unamjua, kwa hiyo ilibidi gari ndilo lihamie Mgori. Na liwe gari la juu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, ambalo ukiliamsha siku ya tope linaamka.

Gari jipya sisi si watu wake. Letu lingekuwa la mkononi, la namba B za zamani, lililokwisha kuizunguka nchi. Wewe hilo hukuliogopa. Watu walitoka mpaka Kiomboi kuja kukuchukua ukawachagulie, dereva mstaafu wa malori na bisibisi yake ndefu kwenye mfuko wa koti. Dalali akianza kusifu kilometa chache, wewe ulikuwa unainama kutazama mpira wa pedeli. Kilometa zinarudishwa nyuma, ulikuwa ukisema, lakini mpira ulioliwa haurudi. Ulipenda gari lililotembea sana na kukiri. Ulikwenda asubuhi kabla mwenyewe hajaliwasha, ukaweka kiganja kwenye boneti, na ukikuta ni ya moto unaaga, hata chai hunywi. Mtu aliyepasha injini kabla mgeni hajafika ana jambo analolificha. Ikiwa ya baridi, ulifungua kifuniko cha oili kutafuta weupe kama wa maziwa, dalili ya maji ndani ya oili, ukaangalia moshi wa kwanza, na mwisho ukaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, ukafumba macho. Mimi pembeni nimeshika koti lako. "Gari halisemi uongo," uliniambia mara ngapi sijui. "Mwenye gari ndiye anayesema uongo."

Kwa hiyo mwaka jana tulipoanza kutafuta la kwetu, nilijua mwezi hautaisha. Kumbe.

La kwanza lilikuwa lile la kijani la mwalimu. Uliliendesha mpaka karibu na ziwa Kindai na kurudi, ukashuka ukasema usukani unavuta kushoto. Mimi nilikuwa nimeshachuchumaa kutazama tairi. Zilikuwa zimelika sawasawa, Baba, ndani na nje, kushoto na kulia. Gari linalovuta upande haliachi tairi hivyo, na wewe ndiye uliyenifundisha. Lakini nikasema moyoni, mkubwa ni mkubwa, amehisi nisichokihisi.

La pili tulilifuata Kiomboi kwa basi. Hilo ulisema kioo cha mbele ni kibovu, kinaonyesha barabara mbili. Nilikaa kwenye kiti ulichokalia nikaona barabara moja. Nikakifuta kioo kwa ncha ya kitenge, nikaona moja tena. Tulipokuwa tunarudi ulilala njia nzima, wewe ambaye hujawahi kulala ndani ya basi kwa sababu unamsaidia dereva kuendesha kwa macho, unamkanyagia breki ukiwa kiti cha nyuma. Niliona ajabu kidogo. Kisha nikafungua mfuko wangu wa karanga nikala.

Halafu lile jeupe. Dashibodi ilisoma kilometa laki nne na ushee na Mzee Jivan hakuona haya. Mpira wa pedeli umeisha kabisa. Boneti ya baridi, oili safi, moshi mmoja mweusi wa kujisafisha koo kisha basi. Nilikuona ukitabasamu, bisibisi ikiwa sikioni. Nikajua leo tumepata. Ukaingia, ukakaa, ukataka kukanyaga klachi, halafu ukabaki umekaa tu. Ukashuka.

"Klachi ngumu," ukasema. "Hili hapana."

Nililipuka. Mbele ya Mzee Jivan, mbele ya wateja wake, mimi binti yako uliyenilea kwa adabu, nikasema, "Basi subiri gari la peponi, huko ndiko yaliko yasiyo na kasoro!" Ulichukua koti lako kutoka mkononi mwangu, ukaingiza mkono wa kulia, na wa kushoto ukawa hauoni tundu la kuingilia. Ulihangaika nalo pale, mara ya kwanza, mara ya pili. Sikukusaidia kwa sababu nilikuwa na hasira. Baada ya hapo habari ya gari hatukuizungumza tena, na wiki tatu baadaye nilikuwa nimekushika miguu kwenye tela.

Mwezi wa tatu wa eda nikaanza kutafuta mwenyewe. Kila nililopelekwa nililikataa. Hili limepakwa rangi kuficha kutu, lile injini imefunguliwa, la tatu silipendi tu. Nilikuwa nimegeuka wewe. Madalali wa mjini wakiniona na bisibisi walikuwa wanavuka barabara. Mwisho nikameza haya nikaenda kwa Mzee Jivan kuuliza kama lile jeupe bado lipo. Lilikuwepo, nyuma ya duka, limefunikwa turubai.

Alinipa pole, akanipa kiti, akaagiza chai. Kisha akaanza kupanga boliti ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mzee alirudi hapa," akasema.

Ijumaa ile uliyotuaga kwamba unakwenda kuswali mjini. Alisema ulimwomba akufungulie gari ukae kidogo. "Nikamwona anaushika mguu wake wa kushoto kwa mikono, anaunyanyua, anauweka juu ya klachi. Mguu hausukumi. Akarudia. Akanitazama, akasema, gari ni zima, Jivan, mbovu ni mimi. Usimwambie binti." Na ukamwomba asiliuze. "Alisema hasira zikikuisha utarudi."

Nilimchukia Mzee Jivan kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha sikuwa na wa kumchukia zaidi ya wewe na mimi. Usukani haukuvuta. Mkono wako wa kushoto ulikuwa umelala juu yake kama mzigo. Barabara haikuwa mbili. Nilirudi nyumbani nikamuuliza Mama, akainamisha kichwa, akasema tangu kabla ya mvua alikuwa anakufunga vifungo vya shati, na ulimwambia ni uzee, asimsumbue mtoto.

Nimekukasirikia, Baba. Nasema wazi kwa kuwa leo huwezi kunikatiza. Gari la mtu baki likitoa mlio kidogo ulilala chini yake mpaka kivuli kinahama. Mwili wako ulipopiga kelele uliufunika na koti, ukayasingizia magari ya watu. Uliogopa nini? Kwamba nitakutoa Mgori? Kwamba watu wa Kiomboi hawatakufuata tena? Ungeniambia tu. Ningekuendesha mimi, wewe ukakaa pembeni ukinikanyagia breki.

Na mimi je? Nilikuwa na zile tairi mbele ya macho yangu. Nilikuwa na mkono usioona tundu la koti. Wewe ulificha, lakini mimi sikutazama, na hilo linanitafuna hata nikiwa napima asali ya watu.

Siku hiyo niliingia ndani ya gari jeupe nikakanyaga klachi. Ilizama kama kidole kwenye asali. Laini, Baba. Mtoto angeikanyaga. Nililia mguu ukiwa bado juu yake, na Mzee Jivan akageukia ukutani.

Sasa sikiliza la leo. Leo asubuhi Mama amelipanda kwa mara ya kwanza, ninampeleka mjini kwa dada yake. Amevaa kitenge kipya, amekaa mbele, mkoba mapajani. Gari hakulisifu, alisema tu kwamba liko juu sana kwa mtu mwenye heshima zake kupanda. Tulipofika korongoni alifumba macho. Nilishika usukani kwa mikono yote miwili nikavuka bila kutazama pembeni. Ni pakavu sasa, mchanga tu, ungepita hata na baiskeli.

Tulipokanyaga lami akasema, "Gari lako si baya. Ila kiti chake kibaya, kimenitia ganzi mguu."

Nikasimamisha pembeni. Mkono wangu ulikuwa tayari chini, unatafuta kile kichuma cha kusogezea kiti. Nimezaliwa na wewe, kitu kikilalamikiwa ninakagua kitu. Nikaurudisha mkono. Nikamuuliza, "Mguu upi, Mama?"

Akasema wa kushoto. Akasema haukuanza leo. Akasema ni uzee.

Kwa dada yake hatukufika. Nilikwenda hospitali moja kwa moja, yeye ameninunia njia nzima kwamba namdhalilisha, ametoka eda kwenda kusalimia ndugu, si kwenda kuchomwa sindano. Aliyempima presha alirudia kupima mara mbili. Daktari aliniuliza kwa nini tumechelewa hivi, kisha alipoona uso wangu akasema hatujachelewa sana. Zaidi ya hapo hakuniahidi kitu. Wamembakiza wodini. Amelazwa akiwa na kitenge chake kipya, anatazama dari, na nilipomuaga nitoke kidogo alinishika kidole akakishika hivyo muda mrefu. Hajawahi kunishika hivyo tangu niwe mtu mzima.

Ninaandika haya nikiwa kwenye kiti cha dereva, nje ya hospitali. Bisibisi yako iko mfukoni mwa mlango. Ninaogopa, Baba. Nilidhani nikipata gari lisilokwama nitakuwa nimemaliza kazi. Gari halikukwama, na bado ninaogopa vilevile.

Wauguzi wamenyanyua mikono kuniita, muda wa kuona wagonjwa umefika. Nikuage. Ninakuahidi hili moja na ninaliandika ili nisije nikasahau. Mama akisema kiti kibaya, taa hazimuliki, mlango mzito, nitamtazama yeye kwanza. Gari litasubiri. Na akinijibu ni uzee, sitamwamini, kama ambavyo wewe hukumwamini dalali yeyote.

Lile neno nililokuambia dukani, la gari la peponi, naomba unifutie. Lilinitoka, na sikupata siku ya kulirudisha. Mungu akurehemu na akupe nafasi pana kuliko ile ya kwenye tela. Na kama huko magari yapo kweli, usikague. Panda tu, Baba.

Binti yako,
Hadija