Jina la Masunga Kwenye Picha

Mwangaluka, Kabula mjukuu wangu. Hapa Migato tunaendelea. Goti la bibi yako limepata nafuu, na pamba imeanza kupasuka. Umeuliza kama kuna faida kuandika maelezo ya picha za zamani na kuyaunganisha kwenye mtandao, ili mtu akitafuta jina aifikie sura. Nikujibu kwa jambo lililonipata.

Nilipokuwa karani wa ushirika, ukutani ghalani palikuwa na picha ya wakulima waanzilishi. Majina yao niliyaandika kwenye daftari, nikaliweka nyumbani. Soko huria lilipokuja, mnunuzi binafsi akakodi ghala, nami nikarudi shambani. Picha ilibaki palepale.

Siku moja msibani, mama mmoja aitwaye Nkwimba aliniambia kuwa baba yake, Masunga, alifariki kabla yeye hajazaliwa.

"Sura yake sijaiona hata siku moja."

Nilishtuka. Nilikwenda kuchukua daftari, nikamsomea: "Wa tatu kutoka kushoto, Masunga." Kisha nikampeleka ghalani. Alisimama mbele ya picha, akagusa kioo taratibu.

"Karani, nimeuza pamba hapa misimu mitatu," alisema. "Kumbe nilikuwa nampita baba."

Siku ileile nilinakili majina yote, nikayabandika chini ya picha. Kesho yake Nkwimba alirudi na wanawe wanne, wakamwamkia babu yao.

Wewe yaandike mahali ambapo hata asiyenijua mimi atayafikia.

Babu yako,
Ngasa