Kikao cha Kumwondoa Hajj Siyad kwenye Lindo

CHAMA CHA ASKARI WAZEE NA WAJANE, ISIOLO
Jumatano, 12 Novemba 2025, saa nane mchana, getini kwa Hajj Siyad Dualeh, Bulapesa

Mwandishi ni Katibu, Lomorukai Ekai, miaka themanini na tatu. Nimeishi kuliko wenyeviti sita wa chama hiki, wake wangu wawili, ukame wa themanini na nne, na daktari aliyesema sitafika Krismasi. Kuna waliotaka karani wa kompyuta. Nilikataa. Shule niliacha darasa la pili lakini mkono wangu unasomeka.

WALIOHUDHURIA: Koplo mstaafu Githae (Mwenyekiti), Wario Ganya, Hajj Siyad, Mama Raho mke wake, Katibu.
ASIYEHUDHURIA: Mama Gacheri, mjane. Yuko Meru kwa mjukuu. Ametuma sukari.

KUMB. NA. 1/11/2025: KUFUNGUA
Hajj Siyad aliomba dua akiwa amesimama getini na fimbo begani. Mwenyekiti alimwambia akae. Alijibu kwamba yuko kazini.

KUMB. NA. 2/11/2025: KIKAO KILICHOPITA
Wario alipinga kwamba Katibu ndiye aliyeongoza gwaride la mwaka sitini na tano. Alisema, "Wewe ulikuwa nyuma kabisa, na punda wa maji." Katibu alieleza kwamba punda naye alikuwa wa serikali. Ikabaki ilivyoandikwa.

KUMB. NA. 3/11/2025: OMBI LA MAMA RAHO
Mama Raho alieleza kwamba tangu amwoe, Hajj huamka kuangalia geti. Tangu watoto wahame, anasimama kuanzia alasiri mpaka miguu inafura. Hata arusi ya binti yao aliisikilizia hapo nje. Alisema, "Miaka hamsini napikia chai mtu hakai chini. Nyinyi ndio mlimweka. Mje mumtoe."

Mwenyekiti alisema aliyemweka ni Sajini wetu wa jeshini, na Sajini alishakufa.

KUMB. NA. 4/11/2025: HABARI ZA ZAMANI
Hapo wanachama walikumbuka kambi ya kisimani, upande wa Garbatulla, mwaka sitini na sita. Ilikumbukwa sare ya kaki iliyopigwa wanga mpaka inasimama yenyewe. Chai ya maziwa ya ngamia ndani ya kikombe cha bati, inachoma mdomo na bado unataka. Koplo Githae alikuwa na kinanda cha mdomo, na Lokol, askari mwenzetu, alikuwa akiimba nyimbo za ng'ombe kwa Kiturkana, na Wario, ambaye ni Mborana, akilia bila kuelewa neno. Wario alikubali hili. Isiolo wakati huo ukisimama barabarani unaona mpaka mwisho wa mji, na kila mtu anakujua kwa mwendo wako. Katibu alikuwa na mwendo mzuri kuliko wote.

Mwenyekiti alicheka. Akauliza siku ile ya lindo la kisima, Siyad na Lokol walipaswa kubadilishwa na nani, saa kumi jioni.

Katibu alisema ni mambo ya zamani.

Mama Raho alisema, "Mzee Lomorukai, akilala anakuita wewe. Si mama yake, si mimi. Wewe."

Katibu anaandika hapa jambo ambalo hajaandika popote. Saa kumi alikuwa Garbatulla, kwenye duka la tumbaku, akiwasimulia watu jinsi alivyo hodari. Risasi zilianza saa kumi na moja. Lokol alipigwa. Sajini alikuwa amemwambia Siyad, "Usitoke hapa mpaka Lomorukai akuje." Siyad alisimama kando ya maiti mpaka asubuhi, lori likambeba akiwa hajitambui, moja kwa moja hospitali. Mimi sikufika kumbadilisha. Nilisema gari liliharibika. Halikuharibika.

Wario alisema, "Andika hivyo hivyo." Nimeandika.

KUMB. NA. 5/11/2025: KUBADILISHA LINDO
Iliamuliwa kwamba Katibu ampokee Hajj kwa utaratibu. Katibu alifunga vifungo vya koti, akatembea hatua kumi na mbili, akasimama.

"Nani?"

"Lomorukai."

"Umechelewa."

"Ndiyo. Nimechelewa."

Hajj alielekeza fimbo chini. Akasema, "Lokol amelala hapo. Usimkanyage."

Katibu alisogea pembeni. Hajj akampa fimbo, akaingia ndani, akaketi kwenye mkeka. Mama Raho akammiminia chai. Chai nyingine ilimwagika, lakini Hajj alikunywa iliyobaki.

KUMB. NA. 6/11/2025: ZAMU
Mwenyekiti alimwambia Katibu sasa akae, wamalize. Katibu alikataa, kwa sababu Hajj angetazama nje na kukuta geti tupu. Ikapitishwa kila alasiri mwanachama mmoja asimame hapa mpaka magharibi: leo Katibu, Alhamisi Wario, Ijumaa Katibu, Jumamosi Mwenyekiti na kiti chake, maana goti lake ni bovu. Siku zingine ni za Katibu.

Kikao kilifungwa saa kumi na nusu. Katibu ameandika ukurasa huu wa mwisho juu ya nguzo ya geti, ndiyo maana herufi zimeinama.

Mwenyekiti: Githae (sahihi)
Katibu: Lomorukai Ekai (sahihi)

Atakayebisha amuulize Wario Ganya, alikuwepo leo na alikuwepo kisimani. Au amuulize Mama Raho. Hajj asiulizwe sasa. Amelala.