Jaketi Lililokunywa Theluji

Hallonbergen, Februari 2009

Binamu yangu Fébronie, mwenye ulimi mkali huko Kigoma,

Hujambo? Mimi sijambo, na sasa ndimi bingwa wa kuchagua majaketi ya watoto Stockholm nzima. Haya, acha kucheka, nimedanganya. Jaketi zuri la mjukuu wangu Darlène lilichaguliwa na mama yake, Ariane. Nililomchagulia mimi liko kwenye pipa la taka, na huko ndiko kwake.

Nililinunua mtaa wa Rinkeby, darasa la Darlène lilipokwenda kuteleza kwenye theluji kwa ski. Nilichukua lenye shingo ya manyoya, kubwa la kumtosha miaka mitatu mbele, akue humo humo kama tulivyokuzwa sisi. Ariane akasema, "Baba, angalia kama linazuia maji." Nikamjibu, "Maji nayajua tangu kabla hujazaliwa!"

Lo! Theluji iliingia kwa chini, ikayeyuka, jaketi likainywa yote. Mtoto alirudi anatetemeka, midomo imepauka, na yale manyoya yananuka kama mbwa aliyeoza. Kumbe mwalimu alimuuliza nani kamvalisha hivyo, naye akasema amechagua mwenyewe. Ana miaka saba, anadanganya ili kunilinda mimi mzee mzima! Hapo nilijichukia kuliko lile jaketi.

Tangu siku hiyo Ariane haniruhusu kumpeleka shule. Binamu, ujanani ulipotoroka kwenda ngomani nilimwambia baba yako umelala kwetu, na fadhila hiyo hujairudisha. Basi mpigie Ariane, wewe anakusikiliza. Mwombe aniachie mtoto asubuhi moja tu.

Ni mimi, binamu yako mkorofi,
Révérien